Muuguzi Aliyesikiliza Kimya cha Mwendesha Mashine

Habari ya kifo cha mama huyu ilinikuta Sirari, na kesho yake nilikuwa Genkuru kwenye maziko. Ninyi mnaonisoma kila wiki hamkumjua. Miaka ya hamsini alikuwa muuguzi katika zahanati ya mgodi mdogo wa dhahabu huku kwetu Tarime, nami nilikuwa karani wa mgodi huohuo. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana, lakini sijakutana na mtu mwingine aliyechunguza akili ya mfanyakazi kwa makini kama yeye.

Mashine ya kuvunja mawe ilikuwa ikiumiza watu. Mtu mmoja peke yake aliilisha mawe kwa beleshi, huku akitazama kipimo cha maji ya mashine na kutega sikio kwa kengele iliyomwamuru aache kulisha. Kijana mmoja mwendeshaji alipopondwa kidole, nyapara alisema ni mzembe, afukuzwe. Muuguzi akamuuliza huku akimfunga kidonda, "Ulikuwa unawaza nini, mura?" Kijana akajibu, "Sikuwaza kitu, mama. Nilikuwa naangalia maji." Jibu hilo halikumtoka kichwani. Alimwomba nyapara asimfukuze kwanza, na kijana alipopona, kila alipomaliza wagonjwa wake mama yule alikwenda kukaa karibu na mashine, akimuuliza habari za ng'ombe wa kwao. Kijana alieleza vizuri, huyu mweusi, yule ana baka, mpaka maji yapungue au mawe yakwame. Hapo alinyamaza katikati ya neno.

Nyapara alikuja juu. "Unampigisha soga mtu wa kazi!"

"Nasikiliza anaponyamaza," mama akasema. "Akinyamaza, ujue kichwa kimejaa. Shika beleshi wewe, nikuulize majina ya watoto wako."

Nyapara alicheka, akavua koti mbele yangu na vibarua wengine. Alianza vizuri, akataja wa kwanza na wa pili. Mawe yakakwama, maji yakashuka, naye akawa anapiga beleshi macho yakiwa kwenye kipimo. Kengele ikalia. Akaendelea kulisha. Ikalia tena. Kijana akaruka akazima mashine.

"Mbona umezima?" nyapara akauliza.

"Kengele, mzee. Imelia mara mbili."

Nyapara alinigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Alivaa koti lake taratibu, akasema, "Sikuisikia. Wallahi sikuisikia." Kisha akamshika kijana bega. Wiki ileile aliwekwa mtu wa pili wa kuangalia maji tu, na kijana akabaki kazini mpaka mgodi ulipofungwa. Wengine walioumia kabla yake walikuwa wameshafukuzwa, na hao mama aliwasikitikia hadi uzeeni.

Leo dereva anaendesha huku simu inaita na kondakta anagonga bati. Mhudumu wa dirishani anahesabu, anajibu swali na kupiga muhuri kwa wakati mmoja. Akikosea, tunamwambia awe makini, kana kwamba umakini ni maji ya mto ambayo kila mtu huchota apendavyo. Mama yule alinionyesha kwamba umakini una kiasi chake, kwa nyapara na kwa kibarua vilevile. Basi mtu akikosea kazini, ngoja kwanza kuhukumu tabia yake. Simama mahali pake, shika alichoshika, na uone kama wewe ungeisikia kengele.