Ndiyo ya Kuvuta Ndani

"Ndiyo gani hiyo ya kumliza mtu?" Göte aliuliza, spana mkononi, tumbo limemtangulia kama bampa. "Leo sijaletewa kahawa. Binti yangu kajifungia huko juu analia. Namuuliza kuna nini, ananiambia, 'Kamuulize Sixten, kanijibu ndiyo.' Haya, nakuuliza!"

"Sasa mimi kosa langu nini?" Sixten akasema, kachuchumaa kando ya gurudumu. "Kauliza, nimejibu. Mlitaka niimbe?"

"Usinichekeshe, nimekasirika. Tangu uje hapa umenuna kama mbwa aliyenyeshewa. Mvua ikinyesha, 'kwetu saa hizi ni theluji.' Jua likiwaka, 'kwetu linawaka mpaka usiku.' Nikikupa mkunga wa moshi, samaki wa heshima huyo, unamkodolea macho kama nimekupa bomba la breki. Kwetu, kwetu, kwetu! Huko kwenu kuna nini? Mbu na misonobari!"

"Na milima."

"Mlima unaliwa?"

Sixten akarudia nati zake, maana kweli, mlima hauliwi.

Walikuwa ndani ya gereji ya Göte, pale Sjöbo, Skåne, kusini kabisa mwa Sweden, mwezi wa kumi, wakati kila mwenye gari anakumbuka kwa pamoja kwamba baridi inakuja na anataka matairi ya baridi leo, tena sasa hivi. Göte ni mwenye gereji. Rakel ni binti yake. Sixten anaishi na Rakel ghorofani, juu ya matairi, na chini anamfanyia kazi baba mkwe mtarajiwa. Ukigombana na bosi, umegombana na ukweni. Ukigombana na mpenzi, kazini unakwenda na njaa. Mtu mwenye akili hapangi maisha hivyo, lakini mapenzi bwana, hayana breki ya mkono.

Jamaa kazaliwa kaskazini, karibu na Sorsele, kijiji ambako jirani yako yuko mbali kiasi kwamba ugomvi mnaufanyia kwenye simu. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji. Alikuwa mfalme. Miezi ya baridi hakuna anayekwenda kazini, kanisani wala kuzaa mpaka Sixten apite kwanza.

Rakel alikwenda huko kufanya kazi ya unesi, akasema atakaa msimu mmoja. Wiki ya kwanza tu kaingiza gari mtaroni. Sixten akasimama. Rakel akamuuliza, "Unaweza kunitoa?" Sixten akamjibu ndiyo. Rakel akamtazama, akangoja, akaona huyu hana msaada, akaanza kutembea kwa miguu kwenye baridi ya kukata masikio. Mbele kidogo kasikia honi. Sixten huyo nyuma, kalivuta gari mtaroni, kaja kumkabidhi na hita imeshawashwa ndani.

"Si ungesema!" Rakel akamfokea.

"Nilisema."

Na kweli alisema. Kwao kaskazini watu hawasemi ndiyo kwa kutoa pumzi. Wanaivuta. Midomo inabana kidogo, hewa inaingia, shwup! imekwisha. Usije ukafikiri ni msonyo. Msonyo una dharau na una urefu. Hii ni fupi, safi, haina ugomvi na mtu. Baridi ile ukifungua mdomo kwa kila neno utaganda mapafu, ndivyo wenyewe wanavyojitetea. Mimi naona ni uvivu tu, lakini uvivu mtamu. Rakel alijifunza kuisikiliza, na siku moja akamuuliza Sixten kama anampenda, akajibiwa shwup, akaona hajawahi kuambiwa vizuri namna ile.

Halafu ndiye Rakel aliyekumbuka kwao. Akataka kurudi. Sixten akapaki begi moja na buti mbili, akamfuata.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema kwamba huyo mtumwa atalipa na kodi ya mapato.

Skåne ni nchi iliyopigwa pasi. Unasimama mlangoni unaona mbwa wa watu akikimbia leo, kesho bado unamwona. Viazi vya kutengenezea sukari mpaka mwisho wa macho, na upepo unaokuja bila hodi. Watu wake wanaongea kama wana kiazi cha moto kooni, wanakula vizuri, wanacheka kwa sauti, na wanapenda kujibiwa.

Balaa lilianzia hapo kwenye kujibiwa. Kulikuwa na mteja mmoja, mama mtu mzima anaitwa Asta, mwenye kigari chekundu kizee kuliko Sixten. Sixten kamaliza kumfungia matairi, kafunga nati, kazikagua. Mama Asta akachungulia dirishani. "Mwanangu, kwa matairi haya nitafika Ystad salama?"

Sixten akamjibu: shwup!

Mama Asta aliiona ile midomo imebana, akaisikia ile hewa ikikatika kama mtu aliyeona nyoka. Akazima gari. Akachukua mkoba wake na keki yake kiti cha nyuma, akatoka, akaenda kupanda basi. Kigari kilikaa pale uani siku nzima, na mji mzima ulishajua kwamba gereji ya Göte inafunga matairi ya kuulia watu.

Göte aliweka sheria siku ileile. "Hapa ndiyo ni ya mdomo! Itoke nje niisikie. Ukitaka kuvuta hewa, kavute kwenye pampu."

Sixten akatii. Akafanya mazoezi peke yake huku akiviringisha matairi. "Ndiyo. Ndiyo, mama. Ndiyo, bila shaka." Mwanzo ilimtoka kama mtu anayetema mfupa. Baadaye ikalainika. Wateja wakafurahi. Göte akampiga mgongoni. "Sasa umekuwa mtu!"

Ajabu ni kwamba hapo ndipo kwao kulipomkaba sawasawa. Mwanzo alikumbuka vitu, milima, theluji, na palt, yale madonge ya viazi yenye nyama ya nguruwe ndani, ukila matatu unalala na viatu. Hivyo vinavumilika. Lakini baada ya ile sheria alianza kujikumbuka mwenyewe, na hiyo dawa yake ngumu.

Ushauri haukukosekana. Göte alimpeleka kwaya, eti mtu akiimba hawazi kwao. Sixten akakaa na wenye sauti nzito, hakutoa hata nzito wala nyepesi, mpaka mwalimu akamwomba awe anapanga viti. Rakel akamnunulia picha ya mlima, wakaitundika. Ikawa mbaya zaidi, maana mlima wenyewe ulikuwa wa Uswisi. Dawa aliyoigundua mwenyewe ilikuwa dukani, kwenye vyakula vilivyogandishwa. Anafungua mlango wa friza, anasimama, anafumba macho, anavuta ile baridi. Siku moja dada wa duka akamuuliza, "Kaka, unatafuta njegere?"

"Hapana. Napumzika."

Na mama yake Ingegerd alikuwa akipiga simu kila Jumapili. Zamani mazungumzo yao yalikuwa hivi: mama anasema kumeganda, mtoto shwup; mtoto anasema na theluji itakuwa nyingi mwaka huu, mama shwup. Ukiwasikiliza ungefikiri watu wawili wanajaza baiskeli upepo. Jumapili ya hivi karibuni mama kauliza, "Unakula vizuri?" na Sixten, ulimi umeshazoea, akamjibu, "Ndiyo, bila shaka!"

Mama akauliza, kwa sauti ya chini, "Sixten, kuna mtu amekushika hapo?"

Basi, turudi jana, kwenye chakula cha jioni. Kuna nyumba inauzwa mwisho wa mtaa, ya matofali, ina mtufaha uani. Rakel aliizunguka mara kadhaa bila kusema. Jana akasema. Aliweka uma chini, akamwangalia. "Sixten. Unataka tubaki hapa? Moja kwa moja? Tuzae hapa, tuzeekee hapa?"

Sixten akatabasamu lile tabasamu la kaunta. "Ndiyo, bila shaka!"

Rakel akainuka akaenda kulala na sahani yake haijaguswa. Ndiyo hiyo ndiyo iliyomliza.

"Kwa hiyo alitaka ujibu hapana?" Göte akauliza pale gereji, sasa kachanganyikiwa kuliko alivyokasirika.

"Mimi nitajuaje? Kwenu mnauliza sana."

"Na kwenu hamjibu!"

"Tunajibu! Nyie ndio hamsikii!"

Mlango wa ngazi ukafunguka. Rakel huyo, macho yamevimba kama mikate ya mdalasini, lakini birika la kahawa kalishika. Akammiminia baba yake kwanza. Göte akashukuru kimyakimya na kurudi nyuma hatua chache, asiende mbali sana asije akapitwa na maneno.

"Jana ulinijibu kama mteja," Rakel akasema.

"Nilikujibu ndiyo."

"Mdomo wako ulijibu. Miaka yote hii hujawahi kunitolea ndiyo ya mdomo, Sixten. Nimeisikia nikajua unanidanganya. Bila shaka! Tangu lini wewe huna shaka?"

"Baba yako ndiye aliyekataza!"

Rakel akageuka. "Baba?"

"Kwa wateja!" Göte akasema, kahawa ikamwagikia kidole. "Nilisema kwa wateja! Mama Asta alikwenda Ystad kwa basi na keki mapajani, mlitaka nifanyeje?"

"Nyamaza kwanza, baba. Sixten, nakuuliza upya. Unataka tubaki hapa moja kwa moja?"

Sixten akabana midomo. Alitaka itoke, yaani iingie. Alimpenda huyu mwanamke, na nyumba ya matofali haikuwa mbaya, na tufaha ni tunda zuri tu. Akavuta.

"Fyiiiiiiish."

Göte akaangalia matairi moja baada ya jingine. "Lipi hilo linavuja?"

Hakucheka mtu. Sixten mwenyewe aliisikia. Ilikuwa ndefu, ya kubuni, haina mwisho. Ukitaka kudanganya kwa mdomo unaweza, dunia nzima inadanganya kwa mdomo. Kwa pumzi huwezi. Masikio yakamchoma, akaangalia buti zake.

"Haya," Rakel akasema, sauti imeshuka. "Angalau hiyo nimeielewa." Akaweka birika juu ya mlundikano wa rimu. Akajifuta macho, akikusanya ujasiri, na Göte naye akaacha kunywa kahawa. "Na mimi je? Mimi unanitaka?"

Shwup!

Ilitoka kabla hajapanga. Fupi, kavu, safi. Sixten mwenyewe alishtuka kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni.

Rakel akaanza kulia tena, safari hii huku anacheka, kamasi na yote. "Mjinga wewe. Si ungesema tu hupapendi hapa?"

"Ningesemaje? Mmenilisha, mmenipa kazi. Mmeninunulia na mlima."

"Upachukie! Pachukie kwa sauti, nijue uko hai. Ukisema 'kwetu' namjua huyo mtu. Huyu wa bila shaka simjui, na siwezi kununua naye nyumba."

"Lakini apachukie baada ya saa za kazi," Göte akasema.

"Baba!"

"Nasema tu. Na yule mkunga asimtukane."

"Mkunga ana ladha ya sabuni," Sixten akasema.

Göte akashika kifua kama kapigwa risasi. Rakel akamwambia baba yake avumilie, kwamba kwa kweli yule mkunga kidogo ana ladha ya sabuni, na Göte akasema kumbe ndani ya nyumba yake kuna nyoka wawili.

Uani honi ikalia. Kigari chekundu hicho, mama Asta kavaa kofia ya sufu, anapunga mkono dirishani kama waziri. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chapati kabisa. Sixten akaanza kuivuta jeki kuelekea mlangoni, magurudumu yake ya chuma yakilia kwenye saruji.

"We, tunaongea!" Rakel akasema.

"Kaja na tairi bovu."

"Sixten. Nyumba tuiache. Sitakuuliza tena habari za moja kwa moja. Nakuuliza mpaka tutakapovua matairi ya baridi. Mpaka masika tu, halafu tunaulizana upya, na mimi naweza kuulizwa kuhusu kaskazini. Utabaki mpaka hapo?"

Sixten hakugeuka, kainama na jeki ilikuwa nzito. Shwup.

"Umesikia?" Göte akamuuliza binti yake, sikio kalitega. "Mimi sijasikia kitu. Kasema nini?"

Nje mama Asta alikuwa ameshafungua mlango wa gari na kutoa mguu mmoja, tayari kwa lolote. "Kijana," akasema, "kabla hujagusa kitu, uniambie vizuri. Litazibwa hilo, au nikachukue basi?"

"Litazibwa, mama," Sixten akasema kwa mdomo, akaiweka jeki chini ya gari, akaanza kuipandisha.