Supu ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja Ebele Nwokolo aliigiza mama mkwe mkatili katika filamu zinazopigwa hapa Asaba, nami nikimshonea mavazi. Nyumbani kwake hata kuku alichinjiwa na jirani, kwa sababu hakuweza kuitazama damu. Sokoni, muuza pilipili alipomwona alifunika beseni.

"Nenda kwanza kamtapishe yule bibi harusi uliyemlisha sumu."

Muuzaji huyohuyo alimwongezea Nkolika gao zima la pilipili na kumwomba amwombee mwanawe mgonjwa. Nkolika aliigiza akina mama wanaosali.

"Ningemwombea mimi, angepona upesi zaidi," Ebele aliniambia siku moja nikimpima. "Nkolika husali kamera ikiwaka tu."

Kilichomchoma zaidi ni Bwana Okwudili, aliyechambua filamu katika jarida la parokia na kuzipa alama kwa mafunzo yaliyomo. Kila alipomwita Nkolika kielelezo cha wanawake wetu, Ebele aliikata makala hiyo na kuihifadhi katika kopo la biskuti.

Nkolika alipovunjika kifundo cha mguu, Ebele alimwomba mwongozaji nafasi yake akaipata. Niliipunguza blauzi nyeupe ya Nkolika inchi mbili kiunoni. Ebele alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia Jumapili mchana. Ebele, ndani ya blauzi ile, alimwandalia mkwewe supu, akafumba macho na kuibariki.

"Usiinywe, mwanangu," mwanamke mmoja alisema.

"Mwone anavyoiombea sumu yake," mwingine akaitikia. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mkwe alikunywa, akanenepa, akazaa mapacha. Filamu ikaisha, watu hawakuinuka. Walikuwa wakiingoja sehemu ya pili, atakapofichuliwa.

Bwana Okwudili aliandika kwamba filamu inatufundisha kujihadhari hata na wanaosali. Akaipa alama tisa kwa kumi. Nkolika hakuwahi kuvuka nane.

Wiki iliyofuata Nkolika aliingia kwenye karakana yangu akichechemea. Ebele alikuwepo, akijaribu kitenge chekundu cha mama mkwe.

"Mimi nikisali wanasinzia," Nkolika alisema, akikikodolea macho. "Dada, hicho kinaweza kunienea?"

Nilikuwa nimekwisha kuushika utepe wa kupimia. Ebele aliuchukua mkononi mwangu, akaukunja taratibu, akautia mkobani mwake.

"Hakikuenei," alisema.