Kadi Ishirini na Tatu za Kasangula Bullets

"Mwaka huu tusipopanda daraja, mlaumuni kocha, ilaumuni mvua, mlaumuni hata mbwa wa refa. Mimi msinitaje!"

Katongo Mubanga aliyasema hayo kwa kipaza sauti, Jumapili ya kwanza ya ligi, mbele ya uwanja mzima wa Kasangula, na watu wakampigia makofi kwa sababu hakuna aliyeona uongo ndani yake. Miaka kumi na tisa alikuwa katibu wa Kasangula Bullets, timu ya Daraja la Pili pale mjini Luanshya. Makocha walikuja wakaenda, wafadhili walikuja wakakimbia, nyavu ziliibwa mara mbili, lakini karatasi za Katongo hazikuwahi kukosea. Mchana alichomelea mageti ya watu, jioni alikuwa mtu wa mafaili. Alitaka kitu kimoja tu kabla macho hayajamalizwa na ule moto: aione Kasangula ikicheza Daraja la Kwanza.

Kilichomshinda ni kumwamini mtu. Si bure. Misimu miwili nyuma, timu jirani ilimwalika mweka hazina wa Bullets kilabuni, ikamnywesha hadi akawa ndugu yao, na kulipokucha kadi ya usajili ya mshambuliaji wetu bora, yenye picha yake, ilikuwa imehamia upande wa pili. Mshambuliaji mwenyewe akaifuata baada ya chai. Katika ligi hii mchezaji ni kadi. Miguu ni nyongeza.

Tangu siku hiyo Katongo alizikusanya kadi zote ishirini na tatu, akazifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, akazificha anapojua yeye. Kocha Nkole, mtu mpole aliyeomba radhi hata alipopiga filimbi ya mazoezi, alijaribu kumsemesha.

"Mzee, nami nijue zilipo. Siku ukiumwa je?"

"Mimi siumwi."

"Basi walau mama nyumbani ajue."

"Kocha, wewe una mabeki wa kufundisha. Wake zetu tuachie wenyewe."

Msimu ukaenda vizuri hadi kutisha. Mwezi wa tatu Bullets waliwafuata Lufubu Rovers, wapinzani wao wa jadi, kwao. Refa alipopanga wachezaji mstari kulinganisha sura na kadi, ya kipa wa Lufubu ilikuwa imelowa maji na picha imefutika. Katibu wao, Sikazwe, bwana mnene mwenye adabu zake, akamwendea Katongo.

"Ba Katongo, huyu si unamjua? Mwaka jana alipangua penalti yenu!"

"Mimi namjua wa kwenye picha. Na kwenye picha naona ukungu."

Kipa akatolewa, beki wao akavishwa glavu, Bullets wakafunga manne. Njia nzima ya kurudi Katongo aliigiza yule beki alivyoukimbiza mpira kama anafukuza kuku wa jirani, na wachezaji wakacheka hadi machozi.

Ikaja mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya Lufubu haohao. Sare ingewatosha Bullets kupanda. Lufubu walihitaji ushindi.

Ijumaa timu iliingia kambini, darasani kwenye shule ya msingi. Katongo alitandika mkeka wake mlangoni, maana mchezaji wa Luanshya mechi kubwa ikikaribia hukumbuka ghafla mashangazi ambao hajawatembelea. Simu akaizima, watu wa Lufubu wasimfikie na maneno matamu. Siku mbili akawa hapatikani.

Jumapili saa sita alikwenda nyumbani kuoga na kuchukua kadi. Mlango ulikuwa umefungwa, ufunguo uko kwa jirani. Ndani pamefagiwa. Kwenye kona ya chumba, mahali pa tranka la bati la mkewe, palibaki mraba wa sakafu safi na mende mmoja aliyeduwaa.

"Kwani hukuambiwa?" jirani akamshangaa. "Mjomba wa mkeo amefariki kule mbali, Kawambwa. Wameondoka jana na lori la waombolezaji. Amekupigia mpaka simu yake ikaisha chaji."

"Na tranka?"

"Amelichukua. Blanketi zake si zimo humo? Ulitaka akalale kwenye sakafu ya watu kama mbuzi?"

Kadi zilikuwa chini ya zile blanketi, chini kabisa, ndani ya tranka ambalo mkewe hakuwahi kuambiwa lina nini zaidi ya vitu vyake. Kila mwanamke pale huenda kulala matanga na matandiko yake. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Katongo naye alilijua. Alichagua mahali ambapo mwizi hafiki, asikumbuke kwamba msiba unafika.

Aliwasha simu akapiga. Haipatikani. Akapiga tena akitembea, akapiga akikimbia, akafika uwanjani shati limemganda mgongoni.

Refa alitoa nusu saa. Bila kadi, mechi ingechezwa tu kama wapinzani wangekubali kutia saini. Katongo akavua kofia, akamfuata Sikazwe mbele ya watu wote.

"Ba Sikazwe, hawa vijana unawajua. Wote unawajua."

Sikazwe hakucheka. Afadhali angecheka.

"Nawajua, mzee wangu. Wa kwenye picha ndio siwaoni."

Nusu saa ikaisha. Lufubu wakapewa ushindi wa mezani, mabao matatu ambayo hakuna aliyeyapiga. Nahodha wa Bullets, Kabaso, miaka thelathini na minne na goti bovu, akaketi chini pale pale kwenye mstari wa kati, akaanza kufungua kamba za viatu ambavyo havikuguswa na mpira.

"Mbwa wa refa yuko wapi, tumlaumu?" sauti ikatoka jukwaani. Wakacheka wachache.

Mkewe, Bana Mwila, mama wa mtoto wao Mwila, alirudi Alhamisi. Katongo alikuwa amemwekea maneno makali siku nne nzima, mengine ameyarudia akichomelea. Mama wa watu akaketi, akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa kadi ishirini na tatu zikiwa zimefungwa vilevile.

"Bashi Mwila, hizi ziliniangukia nilipokung'uta blanketi. Nikaona zina sura za watoto wa watu. Nimelala nazo kiunoni, msibani kuna mikono mingi." Akamtazama. "Ungeniambia, si ningekuachia mezani?"

Katongo akazipokea, akazihesabu kwa mazoea. Zote zilikuwepo.

Hakuna aliyemfukuza ukatibu. Aliingoja barua ya kufukuzwa, haikuja, akaishia kuandika barua za wengine, za kuwaruhusu wachezaji kuhama. Kila aliyekuja, Katongo alimkabidhi kadi yake mkononi, na kila mmoja alimwambia, "Asante, mzee," bila kumtazama usoni. Kocha Nkole aliomba radhi, akaenda Ndola. Kabaso hakuhitaji barua. Goti lilikuwa limeshamwandikia.

Msimu uliofuata Lufubu walicheza mechi yao ya kwanza ya Daraja la Kwanza, vijana wawili wa Kasangula wakiwa kwenye kikosi. Katongo alikwenda kuwaona. Miaka yote alizoea kuingia viwanjani kwa mlango wa viongozi, na miguu ikampeleka huko yenyewe. Msichana aliyekuwa mlangoni akamuuliza jina lake, akalitafuta kwenye orodha, akalikosa, akamwelekeza kwenye foleni ya tiketi.

Kiingilio kilikuwa kwacha thelathini.