Kaptura Isiyo na Pindo

Saa tatu asubuhi, fundi cherehani ameishika kaptura ya shule ya mtoto wa watu na anaitazama kwa jicho baya.

"Hii ni ya Injini, yule mvulana wa mbio," anasema, akikata uzi kwa meno. "Mtoto anarefuka utadhani ana mashindano."

Pembeni, binti yake wa miaka minane anapitisha sumaku sakafuni kuokota pini. Kiganja kikijaa, anakaa kupumzika. Wanamwita Malkia. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu wenzake walipokuwa wakikimbizana yeye alikaa kuwashikia viatu.

"Tulimsifu," anasema fundi. "Binti ametulia, ana adabu. Kumbe moyo una tundu, maskini, pumzi hana."

Injini naye alikuwa na tundu moyoni; yeye na Malkia walipasuliwa wiki ileile, wakalazwa vitanda jirani. Mama zao waligawana godoro la sakafuni, wakatoka wodini mashoga wa kufa na kuzikana. Makovu ya watoto yanafanana kabisa. Yaliyofuata hayakufanana. Injini aliruhusiwa mapema. Malkia alibaki kwenye mashine ya kupumulia, kisha mapafu yakajaa maji, na hadi leo hajapanda ngazi bila kusimama.

"Andika kwamba nina wivu," fundi anamwambia mwandishi aliyekuja kumhoji, na anataka aione kalamu ikiandika. "Usiandike huzuni. Huzuni watu wanakupa pole. Mimi nikisikia mbio za yule mtoto barabarani, roho inaniuma."

Aliwahi kumuuliza daktari kama ni kwa sababu mwanawe ni msichana. Daktari hakumficha: kuna tafiti zilizoona wasichana wakipata taabu zaidi baada ya upasuaji wa namna hiyo, nyingine hazikuona tofauti. Mwili una yake, alisema, na kuchelewa kufika hospitali nako kuna yake.

"Halafu akaniuliza, dalili mlianza kuziona lini? Nikabaki naangalia viatu vyangu."

Kila nguo ya mtoto anayoishona fundi huyu ina pindo nene, ili mtoto akirefuka lifumuliwe badala ya kununua nyingine. Wateja wanamfuata kwa hilo. Gauni la shule la Malkia ndilo lenye pindo nene kuliko zote, na halijawahi kuguswa. Fundi anapima watoto wa mtaa mzima, ila wake hajampima tangu upasuaji. Anaogopa futi itamwambia nini.

Injini anaingia mbio, mama yake nyuma na kikapu cha mayai ya kuuza. Anaijaribu kaptura, inamkaa vizuri. Akiivua, mama yake anaigeuza ndani nje, kama kawaida yake, na mkono unasimama.

"Shoga, pindo liko wapi?"

"Sijaliacha."

"Umesahau?"

"Sijasahau."

Muuza mayai anatua kikapu. Anamtazama Malkia, kisha fundi, na uso wake unaonyesha ameelewa.

"Umemkatia mwanangu asikue?"

Machozi yanamlenga fundi, anayafuta kwa kipande cha kitambaa.

"Nimekasirika, nisikufiche," anasema muuza mayai, akivuta kigoda. "Lakini nikwambie kitu. Huyu nilimkimbiza hospitali kwa sababu aligoma kucheza mpira. Baba yake alisema mtoto wa kiume hawezi kukaa tu hivi, ana ugonjwa. Angekuwa binti, wallahi, na mimi ningesema ametulia."

Injini ameshachukua sumaku, anavuta pini kwa fujo. Malkia anamnyang'anya, anaiweka mezani, kisha anasimama mbele ya mama yake na kunyoosha mikono pembeni, jinsi anavyoona wateja wakifanya.

"Na mimi nipime."

Fundi anaivua futi shingoni. Anapima kifua, anarudia. Anapima urefu, anarudia huo pia. Muuza mayai anauliza vipi.

"Kidole kimoja," anasema fundi. "Ameongezeka kidole kimoja."

Mwezi ujao Malkia anarudi kliniki, na daktari ataamua kama atahitaji kupasuliwa tena. Fundi anasema safari hii hatangoja kuulizwa. Atasema kila kitu, hata kile cha Malkia kukaa kupumzika katikati ya ngazi. Kaptura ya Injini ataishona upya, yenye pindo. Wivu, anakiri, haujaisha: "Bado namtaka mwanangu awe na zile mbio."

Kisha anachukua wembe na kufumua gauni la Malkia, kidole kimoja tu, na kulikunja tena. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa kinatokea na rangi yake mpya, mstari mbichi chini ya gauni lililopauka.

"Watu wataona limefumuliwa," anasema muuza mayai.

"Ndiyo," anasema fundi. "Nataka waone."