Jepkemei Alifumua Gunia kwa Chini

Kwa miezi sita kabla ya kwenda chuo, binti yangu Jepkemei alifanya kazi katika supamaketi ndani ya lile jumba la maduka ambamo mimi nilikuwa nikipiga deki, hapa Nakuru mjini. Ni mimi niliyemwombea kazi kwa Mathenge, msimamizi wa stoo. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwombea.

Walimweka mlango wa nyuma, panapopokelewa mboga. Wiki ya kwanza alinikimbilia kila saa: "Mama, hii kabichi nipokee?" Kufikia mwezi wake wa tatu kazini alivaa kalamu sikioni, na madereva wazima wa Molo na Ndabibi walimwita madam. Nilikuwa nikipitisha deki pale mara nne kwa siku, hata pakiwa safi.

Mathenge alimwambia wazi: "Ukipitisha takataka mara moja tu, unaenda nyumbani." Na bila kazi ile, chuo kingebaki hadithi.

Siku moja ya Julai lori la viazi lililofika lilikuwa la kaka yangu, Kibii. Mimi nilitolewa shule darasa la pili nipange viazi shambani ili yeye asome. Baba alipofariki akachukua shamba lote. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi kwetu Molo na Jepkemei mgongoni, Kibii alinipakia kwenye lori pamoja na godoro langu, akanishusha kando ya barabara. Alisema shamba si la mwanamke aliyerudi. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Siku ile alipomwona mpwa wake mlangoni, nami nikipiga deki kando, alicheka.

"Kumbe siku hizi wewe ni bosi! Weka sahihi, mtoto wetu, nina haraka."

"Nifungue kwanza, anko."

"Ufungue nini? Si unaona waru zenyewe?" Akapiga gunia mdomoni, palipojaa viazi vikubwa kama ngumi.

Jepkemei hakuangalia mdomo. Alililaza gunia, akafumua mshono wa chini. Vikamwagika viazi vidogo kama ndimu, vingine vya kijani, vimepigwa na jua. Vikubwa juu, vibaya chini: ndivyo nilivyofundishwa kupanga nikiwa na miaka tisa.

"Nani amekufundisha kuanza chini?" Kibii akauliza.

"Mama."

Akanigeukia, mimi na ndoo yangu. "Ulishindwa na bwana, sasa unafundisha mtoto kudharau wajomba." Kisha akamwambia Jepkemei polepole, "Septemba unaenda chuo. Msichana wetu haondoki nyumbani bila baraka ya mjomba. Rudisha gunia zangu uone kama nitafungua mdomo."

Wapakuzi waliacha kupakua. Kwetu Wakalenjin, neno la kaka ya mama si mchezo. Watu wazima huliogopa. Hata mimi niliogopa. Halafu hasira ikanipanda.

"Rudisha zote ishirini!" nikapiga kelele. "Arudi nazo Molo!"

"Ngoja, Mama."

Akapiga magoti, akafumua magunia moja baada ya jingine. Mathenge alitoka, akasimama mlangoni akitazama. Kibii alikuwa akisonya kila mshono ulipofunguka. Sita yalikuwa mabaya. Kumi na manne yalikuwa safi toka juu mpaka chini.

"Hizi kumi na nne nimepokea, anko. Ni nzuri sana. Hizi sita, hapana."

"Na baraka?"

"Hiyo ni yako, anko. Lakini waru ni za watu watakaokula."

Nilimkasirikia. Miaka kumi na saba nilingoja kumwona Kibii akirudi mikono mitupu, na mwanangu mwenyewe akaninyima. Tukiwa tunaelekea nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Zilikuwa nzuri, Mama. Ningesemaje ni mbaya?"

Mimi ningesema ni mbaya, na ningeapa. Usawa ule hakuutoa kwangu, wala kwa mjomba wake. Aliutoa wapi sijui, lakini mtoto ni wangu, nilimzaa mimi, na nilitembea barabara nzima nikitaka kusimamisha watu niwaambie.

Alimaliza miezi yake, Mathenge akamwandikia barua nzuri. Siku ya safari Kibii hakuja. Nikamwekea mwanangu mikono kichwani, nikasema maneno ambayo mjomba angesema, yote, bila kuruka hata moja. Akainuka, akabeba sanduku lake, akaenda. Sasa yuko mwaka wa pili.