Baridi ya Mwendo

Ukifika Mkolani ukaulizia kwa Nkwabi wa Maiti, mtu yeyote atakuonyesha. Jina hilo alipewa na watu ambao yeye aliwabebea baba zao na mama zao mpaka makwao. Mimi ni dada yake mkubwa, nimemlea mgongoni, na jina hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu. Anaitwa Nkwabi, basi.

Alianza na lori la kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipofungwa akabaki na leseni tu, mpaka akapata gari la dizeli, refu, la zamani, lililokuwa limeshachosha matajiri wawili kabla yake. Aling'oa viti vya nyuma, jeneza likaingia lote. Lilikuwa na kiyoyozi, ubaridi wa mbele na wa nyuma, na huo ubaridi ndio uliompa kazi. Kwetu mtu hazikwi juujuu. Anarudishwa nyumbani, jeneza linafunguliwa, ndugu wanapita mmoja mmoja kumtazama usoni, ndipo linafungwa. Kwa hiyo dereva wa msiba hasifiwi kwa mbio. Anasifiwa kifuniko kikiinuliwa.

Nkwabi alilijua hilo. Kabla ya safari aliwasha gari akaweka kiganja kwenye tundu la hewa la nyuma, kama mama anayepima homa ya mtoto. Mke wake aliondoka akisema mikono iliyoshika maiti haitamshika yeye. Aende. Chakula alichokula miaka yote kilitoka kwenye mikono hiyohiyo.

Shida ilianza mwaka ambao daraja la Busisi lilikuwa bado linajengwa, na magari ya kwenda kwetu Sengerema, ng'ambo ya ziwa, yanavuka kwa kivuko pale Kigongo. Gari likitembea, baridi mpaka wafiwa wanajifunika kanga. Likisimama kwenye foleni ya kivuko, hewa inageuka kama pumzi ya ng'ombe. Likiondoka tena, baridi inarudi. Nkwabi akalipeleka kwa Luhende, fundi wa ubaridi wa magari, kijana wa maneno mengi. Luhende akasema gesi imeisha, akajaza. Hali ikawa ileile. Nkwabi akarudi, Luhende akasema ni gesi, akaongeza. Kila gari lililofika pale lilikuwa na ugonjwa huo mmoja, na dawa yake ilikuwa hiyo moja.

Safari ya tatu nilikwenda naye. Luhende akaniamkia shikamoo vizuri tu, nikaitikia, halafu nikamwambia, "Mimi gesi ya jiko langu ikiisha najua nimepika. Hili gari limepika nini?"

Vijana wake wakacheka. Luhende akasema, "Bibi, hii siyo gesi ya kupikia."

"Ndiyo maana nauliza imekwenda wapi."

Alimgeukia ndugu yangu akamwomba siku nyingine aje peke yake. Wanaume wanapenda sana kuongea peke yao wakiwa hawana jibu.

Aliyesaidia ni Rose, mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa akiishi Kiseke. Alikuwa mjane, na mtoto wake ni mmoja tu, Queen, anafundisha shule huko Bukoba. Wakati huo Rose alikuwa ameanza kuvimba miguu, lakini alitoka mwenyewe kumpeleka Nkwabi kwa jirani yake Mihayo, fundi wa injini. Mihayo hakuitaja gesi. Aliacha injini inanguruma, gari limesimama, akaweka karatasi ya gazeti mbele ya pua ya gari. Alisema feni ikiwa nzima itaivuta karatasi ing'ang'anie pale. Karatasi ikaanguka chini.

Akafungua pua ya gari. Ndani yake kulikuwa na chandarua, kimeshonwa vizuri pembe zote. Nkwabi alikishona mwenyewe kwa sababu ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, wanaoganda kwenye magari ya mwambao wote huu. Madereva wengi walifanya hivyo, na yeye alijivunia mshono wake. Nyuma ya chandarua wadudu walikuwa wameshindiliana, wakavu kama tumbaku. Gari likienda mbio, upepo unapenya kwa nguvu. Likisimama, hakuna kinachopita.

Mihayo akasema, "Umeliziba pua, mzee, halafu unalinunulia dawa ya kikohozi."

Rose alicheka mpaka akashika ubavu. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, na kilikuwa cha gari.

Waliosha, wakapunguza na ile gesi ya Luhende iliyozidi. Ubaridi ukapata nafuu, ila haukupona. Mihayo akazima injini, akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka na kuzunguka. Alisema haitakiwi kuzunguka hivyo, inatakiwa iwe nzito. Kuna klachi inayoishika feni ifuate injini, na hiyo ilikuwa imekufa. Ilipaswa kuagizwa Dar. Mpaka ije, alimwambia Nkwabi, usimbebe mtu kwenye foleni. Nkwabi akakubali, na kweli alikataa misiba ya watu.

Klachi haijafika, Rose akafariki. Alikuwa amejaa maji mwili mzima. Queen akapiga simu kutoka Bukoba. Kwa vile barabara yake inafika Sengerema bila kuvuka ziwa, angetukuta nyumbani. Alimwomba mjomba wake jambo moja, amwone mama yake usoni, maana alikuwa hajamwona tangu aanze kuvimba. Nkwabi akamjibu, "Utamwona."

Majirani wa Kiseke walitupatia gari jingine, jipya, lenye sanduku la barafu. Nkwabi akalikataa. Alisema amebeba ndugu za watu wote, dada yake atabebwaje na mgeni. Wapo wanaonilaumu kwamba sikumkataza. Hata leo nisingemkataza.

Tulifika Kigongo jua limepanda. Alfajiri ziwa lilikuwa limechafuka, vivuko vikachelewa kuanza, na malori yote yalikuwa bado yamejazana pale. Magari ya msiba huwa yanapishwa, lakini barabara ilikuwa imezibwa pande zote mbili, hata anayetaka kukupisha hana pa kwenda. Hewa ikaanza kugeuka. Nkwabi akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, ili injini iilazimishe feni. Moshi mweusi ukatanda, watu wa nyuma wakatutukana. Kisha wanawake wa msiba wakashuka na ndoo, wakawa wanachota maji ziwani na kuyamwagia pua ya gari. Maji yakipita, baridi inatoka. Maji yakiisha, joto. Walikwenda na kurudi, vitenge vimelowa, mpaka wakachoka.

Halafu mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Kama angeacha ubaridi unafanya kazi, injini ingekufa, na Rose angebaki ufukweni. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Aliangalia mshale, akaangalia nyuma kwenye jeneza, akazima ubaridi. Tukafungua vioo vyote. Tukavuka hivyo.

Nyumbani, baba yetu mdogo Mashimba na wanawake wawili wazee walilipeleka jeneza nyuma ya nyumba kwanza wamkague marehemu, kama ilivyo desturi. Hawakukaa. Mashimba akarudi akasimama mbele ya watu.

"Jeneza halifunguliwi."

Queen akainuka. "Babu, mimi ndiye mtoto wake."

"Ndiyo maana, mjukuu wangu."

Queen akamgeukia Nkwabi. "Mjomba, uliniambia nitamwona."

Nkwabi alikuwa ameshika funguo za gari. Queen akaenda kukaa kati ya wanawake, akampa mgongo.

Klachi ilifika tumeshamaliza matanga. Mihayo aliifunga, na sasa gari linapoa hata likisimama siku nzima. Nkwabi hajabeba tena maiti. Anapelekea watu mahindi na mkaa, na ubaridi hauwashi.

Queen akifunga shule hupita kwangu Mkolani. Ananiamkia mimi, ila anampita mjomba wake kama nguzo. Mara ya mwisho aliniuliza kama nina hakika tuliyemzika ni mama yake. Nikamwambia nilikaa naye njia nzima, na kabla ya hapo nilimvalisha nguo kwa mikono yangu.

"Wewe ni dada yake mjomba," akasema. "Ungesema nini kingine?"

Nilimwambia nilikuwa dada wa wote wawili. Akachukua mkoba wake, akaenda stendi.