Medali Niliyopewa Nikiwa Nimewapigia Wakwe Magoti

Wakuu, mimi nimepewa medali nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwa wakwe zangu.

Msicheke kwanza.

Mimi ni fundi wa majokofu. Mwaka huu nilinaswa na gemu moja la mapanga, gumu kuliko maisha yenyewe. Nililimaliza kwa jasho la miezi miwili. Mwenye akili angeishia hapo.

Mimi nikafungua orodha ya medali ambazo gemu humpa mchezaji. Zipo arobaini na mbili, ninazo arobaini na moja.

Hiyo iliyobaki haikuwa na maelezo, alama ya kuuliza tu.

Kwenye kundi letu la wachezaji kuna jamaa tunamwita Profesa. Akatamka bila kupepesa macho, "Hiyo unapewa ukimaliza gemu zima bila kukwaruzwa."

Nikaanza upya. Nikakwaruzwa. Nikaanza tena. Mara sita! Majokofu ya watu yakajaa uani, wateja wakipiga simu nawaambia nasubiri spea.

Mke wangu alisema mpaka akachoka, akanyamaza. Nami, mjinga niliyekubuhu, nikadhani amenielewa.

Jumanne ilikuwa zamu yangu kumchukua binti yetu shuleni saa sita. Nilikuwa nimefika kwa jitu la mwisho, sina hata mkwaruzo. Nikajiambia, dakika tano tu. Jitu likanikwaruza, nikaanza upya.

Mlinzi wa shule alikaa na mwanangu mpaka saa kumi.

Mke wangu hakugomba. Alifungasha nguo, akamshika mtoto mkono, akaenda kwao. Nyumba ikapoa, na moyo uliniuma kweli kweli. Nikajiliwaza kwa kucheza.

Jumamosi asubuhi baba mkwe akapiga simu. "Njoo sasa hivi."

Nilitoka mbio. Hata gemu sikuzima kwenye runinga, nilimwacha shujaa wangu amekaa kando ya moto, panga lake chini. Kwa wakwe ni mwendo wa dakika arobaini, na nikasubirishwa barazani kwanza.

Nilipoitwa ndani nikapiga magoti. "Baba, mama, nimekosa. Lile gemu nimeachana nalo."

"Kabisa?" mama mkwe akauliza.

"Kabisa, mama. Hata silikumbuki."

Simu yangu, niliyoiunganisha na gemu, ikapiga tarumbeta ya medali mfukoni.

Wakuu, mkono ulikwenda wenyewe. Arobaini na mbili kati ya arobaini na mbili! Nikaruka juu. "NIMEPATA!"

Baba mkwe akavua miwani.

Mke wangu akaninyang'anya simu, akasoma kwa sauti: "Medali ya Mapumziko. Umeweka silaha chini saa nzima."

Akanitazama. "Kumbe hata gemu lenyewe lilikuwa linakusubiri uondoke."

Baba mkwe akajikohoza, kicheko kikamponyoka. Mke wangu hakucheka. "Sirudi leo," alisema. "Mtoto utamchukua shuleni kila siku, unamleta hapa. Muhula mzima. Baada ya hapo tutaongea."

Profesa anadai nimedanganya. Yeye bado anakwaruzwa.

Leo ni siku yangu ya kumi na moja. Nafika getini saa tano na nusu, mlinzi ananipa kiti. Jana binti yangu aliniuliza, "Baba, kesho utakuja tena?"

"Nitakuja, mwanangu."

"Usipokuja si neno. Nitakaa tena na mlinzi."

Wakuu, mwenzako akinyamaza ndani ya nyumba, usidhani amekubali. Weka hicho kidude chini, ukamuulize mapema.